Hofu ya Kukosa Pumzi Haina Dirisha Hospitalini

Mtu anayeishi juu ya mawe ya Mabatini au Igogo, jijini Mwanza, huijua njia ya kupanda kwenda kwake kwa miguu tu, bila kuifikiria. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huijua kwa namna nyingine. Anajua jiwe la kwanza la kupumzikia, anajua mlango wa jirani asiyeuliza maswali, na anajua mahali ambapo akisimama wapita njia watadhani anamsubiri mtu. Anajua pia saa za kutotoka, ili asikutane na watoto wa shule wanaoshuka mbio na kumlazimisha aharakishe kupisha. Ramani hii ameichora mwenyewe kwa hofu, na hakuna kadi ya kliniki inayoionyesha.

Mama yangu mkubwa alibanika samaki kwa zaidi ya miaka 30 katika mwalo mmoja wa Ziwa Victoria. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alikaa mbele ya moshi wa kuni asubuhi kwa ajili ya biashara na jioni kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na msimu wa mvua, moto ulipohamia ndani, alikaa nao chumba kimoja na mlango umefungwa. Usiku mmoja alibanwa, tukampakia kwenye bodaboda tukiwa tumemshikilia katikati, tukafika kituoni. Alipewa dawa ya kuvuta, akatulia, na mhudumu aliyekuwa zamu akamwambia kwa upole kabisa: “Mama, huu ni wasiwasi tu.” Alirudi nyumbani na maradhi mawili, kifua na aibu. Aliposhikwa mara ya pili alikaa kimya hadi midomo ilipobadilika rangi, kwa sababu hakutaka kuonekana mwanamke mzima anayesumbua watu usiku kwa sababu ya wasiwasi.

Sina ugomvi na neno wasiwasi katika kauli ile. Ugomvi wangu uko kwenye “tu”. Mhudumu alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba mgonjwa ameshikwa na hofu, lakini akalitaja ili kulifunga, kana kwamba hofu ikishapewa jina haihitaji tena kutibiwa. Kwa upande wa pili wapo madaktari wanaotenda kosa lilelile kwa kuligeuza: wanapima kifua, wanaandika dawa ya kifua, na yule mtu mwenye kifua hicho, aliyeacha kulala kitandani na sasa analala ameketi kwenye kiti kwa kuogopa kwamba akilala hataamka, hawamuulizi lolote. Dai langu katika makala haya ni kwamba kwa magonjwa sugu ya mapafu hofu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwa hiyo inapaswa kushughulikiwa kwenye meza ileile, na mtu yuleyule, anayeshughulikia kifua.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kutazama kwanza kinachotokea ndani ya kifua. Katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao mitaani kwetu huitwa pumu ya ukubwani au kifua tu, tatizo kubwa liko kwenye kutoa hewa, ingawa mgonjwa mwenyewe huhisi kwamba anashindwa kuivuta. Njia ndogo za hewa zimekuwa nyembamba, zimejaa ute, na zinabana mapema mtu anapotoa pumzi, kiasi kwamba pumzi mpya inaingia wakati ya zamani haijamaliza kutoka. Akitembea polepole anapata muda wa kuimaliza. Akipanda mlima, au akishtuka, anahema harakaharaka, muda wa kutoa unafupika, hewa inarundikana, kifua kinajaa kama ndoo iliyofika ukingoni, na kila anapojitahidi kuvuta zaidi anakuta hakuna nafasi. Mama mkubwa, ambaye ameona maiti za wavuvi zikitolewa majini, hali hiyo anaiita kuzama nchi kavu. Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu jambo hili na sijapata yaliyofupisha vizuri kuliko hayo.

Anayezama huogopa, na kuogopa kunaongeza kasi ya kuhema, na kasi hiyo inaongeza hewa iliyokwama. Hofu inakuwa imefanya kwenye kifua jambo linaloweza kupimwa. Kisha huja dawa. Salbutamol ya kuvuta, dawa inayofungua njia za hewa, inaokoa, lakini ikitumiwa kwa kurudiarudia inaweza kufanya mikono itetemeke na moyo uende mbio, na mgonjwa ambaye hakuelezwa hilo huuchukua mwendo huo wa moyo kama dalili kwamba hali inazidi kuwa mbaya, akaogopa zaidi, akavuta tena. Nimewaona ndugu wakimhesabia mgonjwa mivuto usiku wa manane kwa nia njema, kila mmoja akisema “ongeza”, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba kutetemeka kule kunaweza kutoka kwenye kopo la dawa lenyewe.

Dawa ya hofu ya namna hii huanzia mwilini. Mgonjwa anafundishwa kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza uji wa moto, ili njia za hewa zikae wazi kwa muda mrefu zaidi na kifua kipungue. Anafundishwa kuinama mbele na kuegemeza mikono kwenye magoti, meza au ukuta, ili misuli ya mabega isaidie kazi. Anafundishwa kujipepea usoni, kwa sababu hewa ya ubaridi inayopita puani na mashavuni inaamsha mishipa ya fahamu inayopunguza ile hisia ya kukosa pumzi, hata kama kiasi cha oksijeni kwenye damu hakijabadilika. Kuna kejeli chungu hapa, kwamba pepeo lile lile ambalo mama wa Kirumba, hapahapa Mwanza, alilitumia miaka yote kuchochea mkaa linaweza kuwa sehemu ya tiba yake uzeeni. Mwisho anafundishwa kuitambua fikra inayokuja ya kwanza, “leo nakufa”, na kuipima dhidi ya mara zote alizobanwa na ikapita. Sasa niulize: katika mafundisho hayo yote, ni lipi la mapafu na ni lipi la saikolojia? Anayeweza kuchora mpaka baina yake ana macho makali kuliko yangu.

Nje ya shambulio lenyewe kuna jambo la polepole zaidi, na pengine ndilo baya zaidi, nalo ni kusinyaa kwa maisha. Mtu anaanza kwa kuacha mlima, kisha anaacha soko, kisha anaacha misiba, kwa sababu msibani kuna moshi wa kuni na hawezi kuondoka mapema bila kusemwa. Anaacha kwaya kwa kuona haya kukata mstari katikati, ingawa kuimba, kwa jinsi kunavyomtaka mtu aitoe pumzi kwa kipimo, kungeweza kumfaa. Misuli isiyotumika inalegea, na misuli iliyolegea inadai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, hivyo ngazi zilezile zinakuwa ngumu kuliko mwaka jana hata kama mapafu hayajaharibika zaidi. Nyumbani nako wanawe wanamnyang'anya ndoo, jembe na mwiko kwa mapenzi, wakimwambia “wewe kaa, mama, pumzika”, na mwanamke aliyelea familia kwa mikono yake anageuka mgeni jikoni kwake. Ndani ya daladala akikohoa, abiria wanasogea. Tangu miaka ya Uviko wanasogea upesi zaidi.

Uchambuzi uliounganisha tafiti mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa takriban asilimia 25 ya wagonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ikilinganishwa na takriban asilimia 12 ya watu wasio na ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba karibu asilimia 90 ya wanaouawa nao kabla ya kufika umri wa miaka 70 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu wapo pia wale ambao hawaingii vizuri katika takwimu hizo: waliovuta vumbi la mawe katika machimbo ya dhahabu ya Geita na kandokando yake, na waliougua kifua kikuu wakapona. Kwa hawa wa mwisho neno kupona lina mtego. Anatumia dawa miezi 6, makohozi yanakuwa safi, jina lake linafungwa kwenye rejesta kwa heshima zote, naye anarudi nyumbani na mapafu yenye makovu na pumzi nusu. Kwa kuwa amepona, hakuna anayemtafuta. Kwa kuwa bado anakohoa, majirani hawaamini kwamba amepona.

Rejesta, nadhani, ndiyo siri ya jambo lote. Nchi hii inajua kutoa unasihi, na kanda hii ya Ziwa inajua zaidi. Tangu dawa za kupunguza makali ya VVU zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, kliniki za tiba na matunzo zimejengwa kwa kadi, tarehe ya kurudi, mshauri nasaha, vikundi vya wagonjwa, na mgonjwa mzoefu anayemkalisha mgeni benchini na kumwambia “hata mimi nilifikiri nimekwisha”. Hakuna aliyesema kwamba hayo ni anasa, kwa kuwa ilieleweka kwamba mtu aliyekata tamaa hamezi vidonge. Mwenye kifua sugu naye akikata tamaa haivuti dawa yake ya kila siku, na wala habanduki mbele ya moshi, lakini yeye anapangwa foleni ya wagonjwa wa nje pamoja na mwenye malaria, anaandikiwa, anaondoka.

Ninapotaja kanda hii sisemi kwa majivuno ya nyumbani. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ambamo wahudumu wa kawaida wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa na kuhakikishiwa dawa, na maambukizi mapya ya VVU katika maeneo hayo yakawa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko maeneo ya kulinganishia. Somo la utafiti ule lililosafiri dunia nzima lilihusu VVU, lakini kwangu lipo la pili ambalo halikusafiri sana: kwamba tabibu wa zahanati, akipewa ujuzi mdogo ulio sahihi na dawa zisizokatika, anaweza kufanya kazi ambayo wakubwa walidhani inahitaji hospitali ya rufaa.

Na ndivyo ilivyodhihirika kwingine kuhusu akili. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na kina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakafundishwa kumsikiliza mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kuchambua tatizo moja hadi lipate hatua ya kwanza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573 katika kliniki 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa benchini walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kina bibi wale hawakutumia neno sonona. Walitumia la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza atadhani ni habari ya kufunga kitu sana, na kwa mwenye kifua hatakuwa amekosea kabisa. Sisi nasi tuna letu, “ana mawazo”, na mhudumu anayemwuliza mama wa Ukerewe kuhusu mawazo atapata jibu ambalo kamwe hatalipata akimwuliza kuhusu afya ya akili, kwani hilo la pili watu wengi huku ziwani hulisikia kama swali la kama ana kichaa.

Kuhusu kifua hasa, Newcastle nchini Uingereza wauguzi wa kliniki ya mapafu walifundishwa tiba fupi ya mazungumzo inayogusa fikra na tabia, wakaitoa kwa wagonjwa wenye hofu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, kutoka kwa wagonjwa 279, yalionyesha kwamba hofu ilipungua zaidi kwao kuliko kwa waliopewa vijitabu vya kujisomea. Haitakuwa haki kuishia hapo. Jaribio jingine la Uingereza, TANDEM, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2023, liliwapa wagonjwa mazungumzo ya aina hiyo kabla ya kuanza utengamao wa mapafu, na halikupunguza hofu wala sonona kuliko huduma ya kawaida. Mimi nayasoma matokeo hayo kama onyo dhidi ya wale watakaodhani kwamba maneno mazuri peke yake yanatosha. Utengamao wenyewe, yaani wiki kadhaa za mazoezi yanayopandishwa taratibu pamoja na mafunzo, umeonekana mara nyingi kupunguza hofu, na nadhani sababu haiko mbali: mtu anayehema kwa nguvu mbele ya mtaalamu, akaona kwamba hakufa, amejifunza kwa mwili wake kitu ambacho hakuna hotuba ingemfundisha. Ng'ambo ya ziwa letu hilihili, katika hospitali ya Mulago, Kampala, programu ya wiki 6 ya namna hiyo ilijaribiwa kwa watu walioachiwa makovu na kifua kikuu, na ilionekana kwamba inawezekana kwa vifaa vya kawaida na kwamba washiriki walipata nafuu. Kampala hawana mapafu tofauti na yetu.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la uchache wa wanasaikolojia, na nimekwisha kulijibu kwa kina bibi wa Mbare na wauguzi wa Newcastle. Lenye uzito kweli ni la dawa. Mwenye zahanati kisiwani ataniuliza, na atakuwa na haki, kwamba unanitaka nizungumze na mgonjwa kuhusu hofu yake wakati sina hata kopo moja la salbutamol kabatini? Kumfundisha mtu kupumua taratibu huku umemnyima dawa ya kufungua njia za hewa ni kumdhihaki. Vivyo hivyo kumtuliza halafu kumrudisha kwenye moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na ni lengo jema, ila mama anayebanika samaki mwaloni hapiki, anafanya kazi, na jiko la gesi la nyumbani halimwondoi mbele ya tanuri lake la kuni. Kwa hiyo nakubali kwamba dawa na moshi vije kwanza katika mpangilio wa fedha. Nisichokubali ni hesabu inayosema kwamba dakika 10 za kufundisha zinashindana na fedha hizo, kwa sababu mgonjwa aliyeelewa hofu yake hutumia dawa ile ile kwa kipimo, na hakimbizwi usiku kwa bodaboda kila wiki kwa shambulio ambalo angeweza kulituliza akiwa ameegemea ukuta wa chumba chake.

Dakika hizo zinaweza kuanzia kwenye swali moja. “Una msongo wa mawazo?” huzaa “sina”, na muuguzi anaendelea na anayefuata. “Ni jambo gani umeacha kulifanya kwa kuogopa kukosa pumzi?” huzaa orodha, na orodha hiyo ni kipimo kinachoweza kuandikwa kwenye kadi na kurudiwa miezi 3 baadaye: ameshuka soko, hajashuka, amelala kitandani, bado kitini. Swali hilo linaweza kuulizwa pia nyumbani, na hapa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao jumuishi Januari 2024, wana nafasi ambayo hata Bugando, hospitali yetu ya rufaa, haina, kwa maana wao watazipanda ngazi za Igogo na kuona wenyewe jiwe la kupumzikia liko wapi. Wanapaswa kufundishwa vilevile kutambua mgonjwa asiyefaa kubaki mikononi mwao, kama yule anayesema hataki tena kuishi au aliyeacha kula, na kujua ni nani wa kumpigia simu siku hiyo hiyo. Kwa viongozi wa dini, ambao wagonjwa wengi huwafikia kabla ya daktari, ningeomba jambo dogo tu: mtu akija kuombewa pumzi, aombewe, na aulizwe kama dawa yake anaitumia.

Mama mkubwa sasa anapanda hadi kwake kwa vituo 3, na katika cha tatu jirani amemwekea kigoda. Analala kitandani. Shambulio bado linakuja, lakini analikuta ameketi, ameinama mbele, pepeo mkononi, akipuliza uji ambao haupo, na wajukuu wamekatazwa kumzunguka wakipiga kelele. Haya yote alifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa anapita kwenye korido, akamwona anavyohangaika kwenye benchi la kusubiria dawa, akachuchumaa mbele yake kwa muda usiofika robo saa. Hakuwa ametumwa kwake. Nimelifungua faili la mama mkubwa ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mstari unaotaja dakika zile, ili siku nyingine mtu mwingine aziendeleze, na siku ile imeandikwa dawa 2 na tarehe ya kurudi.